Zimwi na Chungu cha Uvunguni

Mpo? Tulieni basi, sirudii.

Zimwi lilitaka kuwa mtu, likakaa kwa Bi Mwanakombo kujifunza adabu. Mgeni akipiga hodi, mama huyo husukuma chungu cha chakula uvunguni, kisha husema kwa upole, "Karibu, ndugu yangu. Ungewahi kidogo tu, tumeshakula." Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Zimwi likaona limehitimu, likaenda kujenga kwake.

Njaa ikaingia. Bi Mwanakombo akambeba mwanawe aliyelegea, akapiga hodi kwa zimwi. Chungu kikakwaruza sakafu.

"Karibu, mama yangu. Ungewahi kidogo tu."

Mtoto akaunyooshea kidole mvuke wa uvunguni.

"Nimekosea, mama?" zimwi likauliza. "Si ndivyo watu wanavyofanya?"

"Watu hawafanyi hivyo," mama akasema, uso chini. "Ndivyo nilivyofanya mimi."

Zimwi likakivuta chungu. Mtoto akala. Mama tonge halikushuka, na ngano yangu imekwama hapo hapo, kooni mwake.