Shombo la Nguruwe wa Tumpale

Wewe ungethubutu kumwambia tajiri, mbele za watu, kwamba kakuibia nguruwe? Tumpale, mjane wa Tukuyu, alikuwa na nguruwe mmoja tu, naye alitoweka zizini. Mchana akaingia baa ya tajiri Mwaisumo, iliyojaa walaji wa kitimoto, nyama ya nguruwe.

"Shikamoo, baba. Hujamwona nguruwe wangu?"

"Kwani mimi mchungaji wako?"

"Basi atakayemla, pole yake. Miezi mitatu nimemlisha matumbo ya samaki. Nyama yake inanuka shombo, acha tu!"

Walaji wakaanza kunusa sahani. Mmoja akatema. Wawili wakainuka.

"Kaeni! Mwongo huyu!" Mwaisumo akafoka. "Shombo gani? Nguruwe wake kashiba pumba na maparachichi matupu. Nimempasua tumbo mwenyewe asubuhi!"