Joho la Fisi na Uzi wa Kindi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kukaa madawatini kama ninyi, Mwalimu Kobe alifundisha kushona. Lakini kwake hakuna aliyeshona nguo ya kuweka kabatini. Ukijifunza mshono, unamshonea asiyejiweza.

Muhula huo darasa lilimshonea shuka Bibi Korongo. Manyoya yalikuwa yamempukutika kwa uzee, na baridi ya kipupwe imemlaza siku mbili, hali, hanywi.

Asubuhi Mwalimu na wanafunzi walitangulia kwa bibi kumkandikia ukuta wa nyumba. Mwanafunzi mmoja, Kindi, alibaki peke yake shuleni amalizie pindo la shuka, maana mkono wake ulikuwa mzito. Bandi, ule mshono wa muda, aliuweza. Mshono wa kurudi nyuma, ule usiofumuka, ulimtoa machozi.

Mara, kra! Mlango ukasukumwa. Fisi!

"Shuka zuri hilo, we kitoto. Nishonee joho. Leo nimealikwa arusini kwa Simba."

"Shikamoo, babu. Hili ni la Bibi Korongo. Akilala tena bila shuka, hataamka."

"Na wewe usiposhona, hutaamka. Nitakutafuna ganda na kokwa!"

Moyo wa Kindi ukapiga ndu! ndu! ndu! Akatazama meno. Akatazama sindano.

"Basi simama wima, babu. Na usicheke, vipimo vitaharibika."

Akalikunja shuka bila kulikata hata ncha. Akapiga bandi, mishono mirefu mirefu, uzi mmoja kutoka kola hadi chini. Pumzi ya Fisi ikimchoma kisogoni, inanuka mifupa.

"Mbona hukati?"

"Joho la wakubwa halikatwi, babu. Nguo za kukatwakatwa ni za akina sisi."

"Aa! Sawa, sawa."

"Na ndani utavaa nini?"

"Sina kitu."

"Eh! Uende kwa Simba huna suruali?"

Akachukua gunia, akamshonea suruali palepale mwilini. Magotini akaunganisha mguu na mguu kwa mshono wa kurudi nyuma. Mara hii hakulia. Hatua mbele, nusu nyuma. Hatua mbele, nusu nyuma.

"We! Inabana!"

"Ndiyo madaha yenyewe. Umemwona mkubwa gani akitupa miguu kama mchunga mbuzi? Hatua fupi, babu. Shingo juu."

Fisi akatoka, tuku, tuku, shingo juu. Hakuona kwamba Kindi ameifunga ncha ya uzi wa joho kwenye mguu wa dawati.

Fyurrr! Kola ikaachia. Fyurrr! Mikono. Alipofika uwanjani shuka likaanguka chini, zima kama lilivyokuwa.

"Kindi wewe!" Fisi akageuka, akaruka. Puu! Uso vumbini. Akajinyanyua, akaruka tena. Puu! Akaling'ata gunia. Wapi! Mshono ndio kwanza ukazidi kukaza.

Kindi akaliokota shuka, akampita mgongoni, nalo kichwani, mbio hadi kwa Bibi Korongo. Akamfunika. Wenzake wakaacha udongo, wakamzunguka bibi. Kitambo kikapita.

Bibi Korongo akafungua jicho moja.

"Nani kashona hili? Lina joto. Ila pindo hamkumaliza."

Jioni Mwalimu Kobe, aliyekwenda shuleni kumwona Fisi, akarudi, polepole kama kawaida yake.

"Kindi, mshono wako wa kurudi nyuma nimeukagua. Umenyooka. Aliyeuvaa bado anaupigia kelele."

Hapo nakata uzi, wajukuu zangu: nguvu hurarua, maarifa hushona.