Kidawa na Ufito wa Langoni

Hapo zamani za kale, enzi ambazo mbwa walikuwa na nyumba zao na kukoka moto wao wenyewe, aliishi mbwa jike wa mawindo aitwaye Bi Shuwena. Alizaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja, na wote walifanana: mgongo mweusi, masikio ya kahawia yanayoning'inia, miguu myeupe kama waliokanyaga unga. Tofauti ilikuwa kimo tu. Wengine walirefuka, wengine wakaishia katikati, na wengine wakabaki wafupi, matumbo yao yakifagia nyasi.

Mfupi kuliko wote alikuwa Kidawa.

Walipokua, wale warefu walijenga nyumba kubwa juu ya kilima, wakambeba mama yao mabegani wakamtia ndani. Kisha wakafunga ufito kukingama lango. Kaka yao Machano, mwenye kifua kama ngoma, akatangaza: "Ambaye mgongo wake hauugusi ufito huu, si wa nyumba hii!"

Wale wa kati waliingia kwa kubinua mgongo kama paka. Wafupi walishindwa, wakabaki bondeni.

Kila jioni Kidawa alikaa mlangoni pa kibanda chake akisikiliza. Kule juu mama yake alikuwa akiimba. "Auuuu! Auuuu-wuuu!" Ulikuwa wimbo ule ule wa kuwabembeleza walipokuwa hawajafumbua macho. Kidawa alijibu kwa nguvu zake zote, "Au! Au!" lakini kisauti chake kilifika kwenye mahindi, kikafia humo.

"Njoo ule, Kidawa," ndugu zake walimwita.

"Nitakula akimaliza."

Na mama akimaliza, hamu ya chakula nayo ilikuwa imekwisha.

Basi ikatokea jioni moja wimbo haukusikika. Kesho yake, kimya. Na kesho yake tena. Kidawa akakaa, akasimama, akakaa.

"Labda amechoka," ndugu zake walisema.

"Labda anaumwa," Kidawa akajibu. "Nakwenda."

Asubuhi akapanda kilima mpaka langoni. "Hodi!"

Machano akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Chini hakuangalia. "Nani huyo?"

"Ni mimi huku chini, kaka. Kidawa. Shikamoo."

"Marahaba. Simama kwenye ufito."

"Kaka, mama mzima?"

"Simama kwenye ufito, nimesema!"

Kidawa akasimama kwa ncha za kucha. Akabinua mgongo mpaka uti ukalia, ka! Ufito ulikuwa bado juu kabisa.

"Si wa nyumba hii," Machano akasema. "Rudi."

"Niambie tu kama anakula."

Machano akageuza uso. "Hali kitu. Amelala tu. Haya, rudi ulikotoka!"

Kidawa akateremka, machozi yakimdondoka puani, pa, pa, pa. Alipofika zinapoishia nyasi ndefu, akalala hapo akitazama uwanda ulio mbele yake. Mbali kule ng'ombe walikuwa wakila majani, wadogo kama panzi.

"Wale ng'ombe ni wakubwa kuliko Machano," akajisemea. "Ila wapo mbali tu."

Akanyanyuka ghafla. Wapo mbali tu!

Sasa sikilizeni. Hawa ndugu walikuwa na kaka mwingine, jina lake Pandu, mrefu pia. Pandu alikwenda kuwinda ng'ambo ya mto na hakurudi. Kidawa akajigaragaza vumbini akawa mwekundu kama msafiri, akarudi njiani jua likiwa la utosi, akaita:

"Machanooo! Ni mimi Pandu! Fungua lango!"

Machano akanyanyua pua. Fu, fu, fu! Harufu ni ya tumbo moja. Na mbwa hawa sifa yao ni pua, macho yao si kitu.

"Pandu! Ndugu yangu! Mbona mdogo hivyo?"

"Kwani wale ng'ombe wa uwandani unawaonaje?"

"Kama panzi."

"Ndiyo kusema ni panzi?"

"Ah, hapana. Wapo mbali."

"Basi na mimi nipo mbali."

"Lo! Kweli! Na sauti yako mbona nyembamba?"

"Sauti ya aliye mbali utaisikiaje nene?"

Kidawa akazidi kusogea, tiki, tiki, tiki. Machano akakunja uso.

"Pandu, unakuja, unakuja, lakini hukui!"

"Ndiyo ujue nilivyo mbali, kaka! Nikifika hapo nitakupita wewe kwa kimo. Huo ufito utanigonga shingo. Ufungue, ukamwambie mama!"

Mkia wa Machano ukapiga nguzo, pu, pu, pu! Akaung'oa ufito, akautupa pembeni, akakimbilia ndani. "Mama! Amka! Pandu anarudi!" Kisha akatoka mbio kwa mlango wa nyuma kuwaita wenzake shambani.

Kidawa akaingia taratibu. Mama yake alikuwa amejiinua kwenye mkeka, miguu ikimtetemeka, macho yake yameingia ukungu wa uzee.

"Pandu?" akauliza. "Pandu wangu?"

Kidawa akasimama ghafla. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Si Pandu, mama."

Bi Shuwena akamnusa kichwa, akamnusa masikio, akamnusa miguu ile myeupe.

"Kidawa! Waliniambia mmehama. Nimewaimbia, nimewaimbia, hakuna anayejibu. Nikanyamaza."

"Nilijibu, mama. Kila jioni. Sauti yangu haikufika."

Mara Machano akarudi akihema, wenzake nyuma yake. "Pandu haonekani njia nzi..." Akamwona Kidawa. "Wewe! Umenidanganya! Toka! Hukugusa ufito!"

"Ufito gani?" Bi Shuwena akauliza.

Wenzake Machano wakatazamana.

"Ni utaratibu wa nyumba tu, mama," Machano akasema.

"Nipelekeni niuone."

Wakaurudisha langoni. Bi Shuwena akaja akipapasa, ameegemea bega la Kidawa, akasimama chini ya ufito. Akanyoosha miguu yake yote.

"Ufito umenigusa?"

Machano akauangalia ufito. "Haujakugusa, mama."

"Basi na mimi si wa nyumba hii." Akatoka nje.

"Mama! Tutauvunja! Tutauchoma!"

"Uchomeni. Mimi nakwenda kula kwa Kidawa. Anayenitaka, njia anaijua."

Wakateremka pole pole. Katikati ya mteremko mama akasimama.

"Kidawa, Pandu ulimwona popote?"

"Sikumwona, mama. Nilisema uongo ili nikufikie. Nisamehe."

Mama akageuza pua yake kuelekea mtoni, akavuta upepo kwa muda mrefu.

"Hakuna kitu," mama akasema mwishowe. "Twende, mwanangu. Magoti yananiuma."

Nyuma yao Machano alikuwa akija, kichwa chini, ameubeba mkeka wa mama yake mgongoni.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi yangu, wanangu, na fundisho lake ni hili: usimfungie ndugu yako mlango kwa sababu ya kimo chake, maana utamfungia na aliyewazaa nyote.