Kiboko Alivyolala Kitanda cha Mtihani

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa hospitali!

Pakawa foleni!

Aa, itikieni vizuri, mbona sauti za wagonjwa? Mimi mnayeniona nimesoma mpaka darasa la tano na robo, na madaktari arobaini nimewafundisha kushika sindano. Nimechoka mpaka kivuli changu kinatembea na mkongojo. Lakini nitasimulia.

Hapo zamani Kiboko alikuwa mwalimu wa madaktari wa mwituni. Wagonjwa walijipanga kuzunguka mlima mara tisa. Nani alitibu? Wanafunzi. Nani alikula uji wa wanafunzi? Kiboko. Wao wanapima, yeye anakula. Wao wanafunga vidonda, yeye anakula, nyam nyam nyam!

Kalunguyeye, mwanafunzi mdogo kama ngumi, miiba tele mgongoni, alikuwa mwaka wa kumi na moja. Ilibaki sahihi ya Kiboko tu kwenye daftari lake, arudi kwao akalale.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba sahihi."

"Marahaba. Hujaiva. Njoo kesho."

Kesho yake: "Shikamoo Mwalimu. Naomba sahihi."

"Marahaba. Hujaiva. Njoo kesho."

Miiba ikaota mvi.

Siku ya mtihani ikafika. Desturi yao, mgonjwa mmoja hulala kitandani, wanafunzi wakampima, na kwa usumbufu huo hupewa sufuria ya uji wa karanga. Kalunguyeye akaja anaburuta miguu, kwaru kwaru.

"Mwalimu, wagonjwa wamegoma. Wanasema matumbo yao yamepapaswa hadi yamekwisha. Uji utachacha bure."

"Uchache na mimi nipo? Nalala mwenyewe!"

Akajitupa. Kwaaa! Kitanda kikapasuka katikati, Kiboko akanasa, miguu minne juu.

Digidigi, mwanafunzi mwenzake Kalunguyeye, akamgonga tumbo, du du du.

"Huyu mahututi," akasema.

"Mahututi nani? Mimi mzima, niinueni!"

"Andika," Kalunguyeye akasema huku anapiga miayo. "Mgonjwa hajitambui, anadhani yeye mwalimu. Asile kitu siku saba."

"Siku saba! We mtoto, nitakufa! Nitoeni!"

"Mgonjwa anatolewa kitandani na daktari, Mwalimu. Mwanafunzi akimtoa, anafukuzwa. Sheria yako hiyo."

"Basi mwite daktari!"

"Hayupo. Sote hatujaiva."

Sufuria ikapitishwa puani pake, fuuu! Kiboko akalia machozi mapipa mawili.

"Leta daftari!"

Akatia sahihi. Akawatilia wanafunzi wote tisini, wino ukaisha, akamalizia kwa tope. Ndipo madaktari wapya wakamng'oa, haya hii, haya hii, pwaaa! Uji wakagawana, kijiko kijiko.

Kalunguyeye akajitwika daftari, akashika njia ya kwao. Getini akamkuta Bibi Kobe amekaa chini.

"Daktari, mjukuu wangu, goti hili."

Kalunguyeye akafungua mdomo aseme, mimi mwanafunzi tu, bibi. Akashindwa. Sahihi ipo.

Akatua daftari, akalikalia.

"Haya bibi. Linauma tangu lini?"

Ngano imefika getini, haina miguu ya kuendelea, wala mimi sina. Fundisho: mtoto mwema hamsumbui mwalimu wake, na uji humwachia mkubwa. Na someni sana, watoto, maana aliyehitimu hupumzika.

Mnacheka nini?