Ombi la Dhakwani, Mkeneka Mawaridi

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham aliishi mja mwema aitwaye Dhakwani bin Sabiti, ambaye kazi yake ilikuwa kukeneka maji ya mawaridi. Maua huchemshwa ndani ya chungu cha shaba kilichofunikwa, mvuke wake ukapita kwenye mrija na kupozwa, na matone yanayodondoka ndiyo yale maji yenye kunukia ambayo sisi hunyunyiziana harusini na maulidini. Ni kazi inayotaka mtu aukalie moto kama anavyomkalia mgonjwa. Ukizidi, maua huungua; ukipungua, harufu hubaki chunguni.

Karakana ilikuwa mali ya mjane mmoja mtu mzima, Bi Atika binti Mundhiri, mwanamke mcha Mungu na mwenye maneno machache. Dhakwani alikuwa amemtumikia miaka tisa, na miaka yote hiyo ujira wake ulikuwa ule ule waliokubaliana siku ya kwanza. Hakulalamika. Yeye na mkewe, Lubaba, hawakujaaliwa mtoto, na watu wawili wenye kukinai hawahitaji vingi.

Kisha nduguye Dhakwani akafariki na kuacha mabinti watatu wasio na mama. Lubaba aliwapokea kwa mikono miwili. Alizifumua nguo zake mwenyewe akawashonea, akawafundisha sala, akawasuka nywele, na nyumba ile iliyokuwa kimya kwa miaka mingi ikajaa sauti. Lakini bei ya ngano ilikuwa imepanda mno siku zile, na mkate uliowatosha wawili sasa ulikatwa vipande vitano.

Siku moja, wakiwa kwenye chakula cha mchana, Dhakwani alimwona Sukayna, mkubwa wa mabinti wale, mwenye miaka minane, akiusogeza mkate wake taratibu upande wa wadogo zake. Alipomuuliza kwa nini hali, mtoto akajibu kwa adabu kwamba ameshiba. Hakuwa ameshiba. Aliyeshiba haufuati mkate kwa macho mpaka uingie kinywani mwa mwenzake. Dhakwani akainuka mkekani.

Alasiri ile akamwambia mkewe kwamba itambidi aende kwa Bi Atika kuomba nyongeza ya ujira, na kwamba hajui aanze vipi, kwani hajawahi kumwomba kiumbe chochote tangu aote ndevu. Lubaba akamwambia kuwa kuomba haki yako kwa ulimi mzuri hakupunguzi tawakali. Akajitanda shuka lake, akaketi wima kama anavyoketi Bi Atika, akamtaka mumewe aseme ombi lake pale pale ili aizoee kauli yake. Mabinti walikuwa mlangoni wakicheka. Mara ya kwanza sauti yake haikusikika. Mara ya pili alijikwaa. Mara ya tatu maneno yakaanza kumtoka vizuri.

"Bibi yangu, nimekutumikia miaka tisa. Sijachelewa hata siku moja, na sijaharibu chungu hata..."

Akanyamaza. Lubaba alidhani amesahau, lakini alipoutazama uso wake, akawaambia mabinti waende uani wakacheze.

Ndipo Dhakwani akamweleza jambo alilolificha mwaka mzima. Alikuwa na desturi ya kusali dhuha, ile sala ya hiari ya asubuhi, rakaa mbili pembeni mwa moto. Asubuhi moja ya msimu uliopita moyo wake ulilainika, akazifanya nne, kisha nane, akarefusha sijida na kuufurahia utamu wa ibada yake. Alipotoa salamu, maua yalikuwa yameshaungua na maji yananuka moshi. Bi Atika alipokuja na kuyanusa, akasema mwenyewe kwamba bila shaka maua yalichumwa jua limeshapanda, yakaletwa yamenyauka. Dhakwani hakumsahihisha. Tangu siku hiyo Bi Atika aliacha kununua maua kwa Mzee Hilali, mkulima aliyemuuzia tangu enzi za marehemu mumewe.

"Nimeomba maghufira kila usiku," akasema, "lakini kwa Mzee Hilali sijaenda."

Lubaba akaushika mkono wake. Akamwambia aende kesho yake kama alivyokusudia, ila asilitangulize ombi, atangulize hilo.

"Na akinifukuza?"

Lubaba akatazama uani walikokuwa mabinti, kisha akamgeukia mumewe. "Akikufukuza, utarudi hapa na sisi tutakupokea. Lakini mkate ulionunuliwa kwa maneno yale, mume wangu, mkono wangu hautaweza kuwakatia mayatima."

Kulipokucha, Dhakwani akavaa kanzu yake ya Ijumaa, ijapokuwa ilikuwa Alhamisi, akaenda. Alimkuta Bi Atika akivuta tasbihi. Akamwambia kisa chote tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujitetea. Vidole vya yule bibi vikasimama.

"Mzee Hilali alikuja hapa mara mbili kuniuliza kosa lake," akasema. "Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, Bibi. Nilikuwa nikichochea moto."

 Bi Atika akamwambia aende nyumbani, asiwashe moto siku ile, na arudi Jumamosi. Dhakwani akatoka, na lile ombi lake likabaki kifuani.

Kungoja kule kulikuwa kuzito. Dhakwani hakujua kama bado ana kazi, na hakumjua bwana mwingine mjini mwenye karakana kama ile. Lakini aliona kwamba kuna mlango mmoja usiomngoja Bi Atika aufungue. Ijumaa, baada ya sala, akatoka nje ya mji hadi shambani kwa Mzee Hilali. Akakuta safu tatu za miwaridi zimeng'olewa na mahali pake pamepandwa maharage. Mzee alikuwa ameinama akipalilia. Dhakwani akamsalimu, akaketi naye juu ya udongo, akamweleza.

Mzee Hilali alisikiliza mpaka mwisho, kisha machozi yakaanza kumtiririka ndevuni. Dhakwani akainamisha kichwa akisubiri laana.

"Mwaka mzima nimekuwa nikiyashuku macho yangu," akasema mzee. "Nilidhani uzee umenifika, siwezi tena kulitambua ua bichi na lililonyauka. Nikaanza kung'oa. Mwanangu, Mungu akusamehe. Kumbe naona."

Akamsamehe hapo hapo. Lakini Dhakwani hakuridhika na msamaha mtupu. Akamwomba ruhusa ya kuja kila alfajiri ya msimu unaokuja kumchumia maua bila malipo, kabla ya kwenda kazini, kama atakuwa na kazi, na kumsaidia kuzipanda upya safu zile tatu. Mzee akakubali, maana alitambua kwamba mwenzake anahitaji kuchuma kuliko yeye anavyohitaji kuchumiwa.

Jumamosi akarudi kwa Bi Atika. Akamkuta amesharudi kutoka shambani, alikokwenda mwenyewe asubuhi ile kumtaka radhi Mzee Hilali, na huko ameelezwa kwamba Dhakwani amemtangulia. Bi Atika akamwambia:

"Alhamisi ulikuja na kanzu ya Ijumaa. Mtu havai kanzu ya Ijumaa kwa ajili ya kuungama tu. Ulikuwa na haja gani nyingine?"

Dhakwani akaona haya, lakini akasema kweli. Alikuwa amekuja kuomba nyongeza ya ujira kwa ajili ya mabinti wa nduguye, na sasa hana tena uso wa kuomba.

Bi Atika akaweka tasbihi chini. "Kosa lako lina mahali pake, na ujira wako una mahali pake," akasema. "Na mimi nina la kuungama. Mkate ninaonunua ndio unaonunua wewe. Nilijua ngano imepanda. Nilijua umepokea mayatima. Kila mwezi nilijiambia, akiomba nitampa. Hukuomba, nami nikajiona sina kosa. Kumbe nilikuwa nikila kwa mgongo wa haya yako."

Akamwongezea ujira wake kwa nusu, akahesabu tangu mwezi ule mabinti walipoingia nyumbani kwake, kisha akamwomba radhi. Wakawa wanalia wote wawili, mwajiri na mwajiriwa, kila mmoja akimtaka mwenzake asiseme tena.

Dhakwani alipoinuka kwenda kuwasha moto, akasema kwamba tangu siku hiyo ataiacha dhuha mpaka amalize kazi. Bi Atika akakataa. "Sali," akamwambia. "Ukitaka kurefusha, niite. Moto nitaukalia mimi."

Na imepokewa kwamba walifanya hivyo mpaka mwisho wa uhai wa Bi Atika. Kila asubuhi ya msimu, yule bibi mwenye mali alitoka chumbani mwake na kigoda, akaketi mbele ya chungu akitoa kuni na kutia kuni, na nyuma yake mfanyakazi wake alikuwa amesujudu.

Ndugu zangu, tuzitazame ibada zetu zisije zikawa zinalipiwa na mtu mwingine asiyejua. Na aliyejaaliwa kuwa na watu chini ya mkono wake asingoje waje kwake na sauti zinazotetemeka, akahesabu kunyamaza kwao kuwa ni kuridhika. Mwenyezi Mungu alikwishaisikia haja yao siku ile waliyojifunza kuisema majumbani mwao. Atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuona kabla ya kuombwa. Amin.