Jina la Mtoto wa Tunu

Haya, sogeeni karibu. Anayesinzia aamke, maana mwishoni nitawauliza, na jibu la "sijui" silitaki.

Katika bonde la mto Kisombe, chini ya bwawa kubwa, palikuwa na wanawake watatu. Kalunde alikuwa mlinzi wa bwawa, na jicho lake halikupitwa na kitu. Siwema alikuwa fundi wa kompyuta wa ofisi ya maji. Mashine ikigoma, alisoma malalamiko yake mstari kwa mstari mpaka aujue ugonjwa. Nyanjige ndiye aliyeijenga seva mpya ya ofisi. Nywila ya mtumiaji mkuu, yule ambaye mashine haimkatalii kitu, alikuwa nayo yeye peke yake, kichwani.

Seva hiyo ilikuwa na anwani moja ya barua pepe. Ukituma onyo pale, linasambaa kwa kila shule, zahanati, msikiti na kanisa bondeni. Huko bondeni aliishi Tunu, mdogo wake Siwema, mjamzito aliyekaribia kujifungua, pamoja na mumewe Makoye.

Basi mvua ikanyesha, ikanyesha, mpaka watu wakaacha kuizungumzia. Alasiri moja Kalunde akatazama maji yanayochuruzika chini ya ukuta wa bwawa. Siku zote yalikuwa safi. Leo yalitoka na tope. Tope maana yake ukuta unaliwa kwa ndani. Lakini onyo lilikuwa halitumwi bila ruhusa ya bosi. Akampigia, kimya. Akarudia, kimya. Akasimama pale akisubiri, tope likizidi, kisha akasema, "Kazi wachukue." Akaandika: Ukuta unakwenda. Pandeni mlimani sasa hivi. Akatuma.

Barua ikarudi. Ruhusa imekataliwa.

"Siwema, mashine yako inanirudishia barua!" Kalunde alipiga kelele kwenye simu. "Huku ukuta unatoa tope!"

Siwema akakimbilia mezani kwake. Akafungua kumbukumbu za seva, akasoma, na ugonjwa akauona. Nyanjige alikuwa na mazoea ya kufanya kila kazi kwa akaunti ya mkuu, hata majaribio, kwa hiyo kwake kila kitu kilikubali. Folda yenye orodha ya anwani za bondeni ikawa mali ya mkuu, na programu inayosambaza barua, ambayo ni mtumishi tu, haikuruhusiwa kuingia. Dawa ilikuwa nywila ile. Ila Nyanjige alikuwa amefukuzwa kazi kwa kuificha, na aliyemsema kwa bosi ni Siwema. Aibu mbaya, jamani! Siwema akaanza kuibahatisha: jina la mama yake Nyanjige, jina la kijiji chake. Mashine ikakataa yote. Ndipo akashika simu.

"Leo mmenikumbuka?" akauliza Nyanjige.

"Dada, nisamehe. Ukuta unakwenda. Tunu yuko bondeni. Barua haisambai, folda ya orodha imefungwa kwa akaunti ya mkuu; naomba nywila."

Nywila ile ndiyo silaha pekee aliyobaki nayo Nyanjige katika kesi aliyoifungulia ofisi kwa kumfukuza. Akiitoa, hawana tena haja naye.

"Andika," akasema Nyanjige, akaitaja nywila. "Mpe mtumishi folda ile. Na ya juu yake pia, la sivyo atakwama mlangoni."

Siwema akafanya hivyo. Barua ikaenda.

Bondeni kengele zikalia, adhana ikakatizwa na tangazo, watu wakakimbilia mlimani na watoto migongoni. Makoye alimfikisha Tunu juu, akarudi kuwabeba wazee wasiojiweza. Alikuwa njiani na wa mwisho ukuta ulipoachia. Waliokuwa juu waliona maji yakipita pale alipokuwa, kisha hawakumwona tena.

Tunu alijifungua palepale, kwenye matope. Mtoto wa kike.

Sasa sikilizeni. Kule, mtoto anayezaliwa katika janga hupewa jina la aliyemwokoa, na huyo huwa somo wake. Ndiye atakayemfunda, ndiye atakayemlea ikiwa mama yake atakufa. Na jina ni moja tu.

Watatu walipofika, Tunu hakusalimia. "Mume wangu alikosa muda mfupi tu," alisema. "Nani alilichelewesha onyo?"

"Mimi," Kalunde alisema. "Nilimngoja bosi."

"Ni mimi niliyefunga ile milango," alisema Nyanjige, akainamisha uso.

Siwema alimtazama mdogo wake. Alimtaka mtoto yule kuliko kitu chochote duniani. "Niliona haya kupiga simu," akasema.

Tunu akawatazama mmoja mmoja. "Na angekosekana hata mmoja wenu, mimi na huyu tungekuwa wapi?"

Mtoto alikuwa analia, hana jina, na hana baba.

Msinitazame mimi. Wewe unayejifanya kusinzia pale, nakuuliza wewe: ungekuwa Tunu, ungemweka mwanao mikononi mwa nani?