Udongo Ulioteremka kwa Nufaili

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika vilima vya Yemeni aliishi mja mwema, Nufaili, Mola amrehemu, mwenye shamba zuri na moyo usiotulia.

Juu ya shamba lake palikuwa na la jirani yake, Hubaishi, mtu wa masihara, ambaye akiadhini hata punda huitikia. Mvua za huko ni chache tena zina hasira: hushuka kwa kishindo na kuondoka na udongo. Nufaili alikuwa amejifunza ugenini kupanga mawe kukata mteremko, maji yakifika yapunguze mwendo, yaache tope na kuzama ardhini. Mtama wake ukanenepa. Shamba la Hubaishi likabaki kipara, hata akafunga mzigo akaenda Adeni kubeba magunia.

Nufaili akamwendea kadhi kumuuliza juu ya udongo ule.

“Kilicholetwa na maji si wizi,” kadhi akasema. “Ni rizki yako.”

Alishukuru, akarudi, akaketi mpakani walipozoea kula pamoja. Tonge likamkwama. Hata ile adhana mbovu aliitamani.

“Bwana, ghala limejaa nawe unalia?” mkewe Rumaitha akamuuliza.

“Namlilia Hubaishi.”

“Si umfuate!”

“Nimwambie arudi ale nini, changarawe?”

Kiangazi kile chote akapandisha udongo kwa punda hadi shamba la juu, akaupangia mawe kama ya kwake.

“Nufaili, mlima huu umeuona mfupi?” watu wakamcheka.

Mvua ikaja. Akasimama palepale mpakani akilowa. Maji yalifika kwenye mawe, yakasita, yakanywewa na ardhi. Yaliyomfikia chini hayakuwa na tope. Ndipo akamtandika punda, akashika njia ya Adeni.

Alimkuta Hubaishi na gunia mgongoni.

“Ee Nufaili! Mbona umekonda? Mtama umekukimbia?”

“Nimekurudishia udongo wako, ndugu yangu.”

“Uliletwa na maji, nani amekudai?”

“Nilijua kazi ya mawe tangu mwanzo. Kila mvua nilikuona ukihangaika, nikanyamaza, maana tope lako lilikuwa likinijia mimi.”

 Hubaishi akalitua gunia polepole.

“Udongo nimekusamehe,” akasema. “Lakini huku nimekula peke yangu misimu yote hii, na hakuna hata mmoja anayeelewa mzaha wangu. Hilo nalo utalilipa.”

“Nitalilipaje?”

“Anza sasa. Kaa hapo, tule.”

Wakala, na Nufaili tonge halikumkwama.

Enyi ndugu, kadhi aliulizwa juu ya udongo, naye akajibu juu ya udongo, wala hakukosea. Juu ya ulimi ulionyamaza hakuulizwa. Hilo Nufaili alibaki nalo mwenyewe mbele ya Mola wake. Ewe Mola, tujaalie tunalolijua lisikomee kwenye mpaka wa shamba letu.